Mkono kwenye Kona ya Mukantwari

Ijumaa, 7 Novemba 2025

Mvua siku ya nne. Atelier nzima, karakana yetu ya kuchomelea, inanuka kutu. Nimechomelea milango miwili ya chuma na kuunguza kidole kilekile cha juzi. Umeme umekatika mara tatu, na mara ya tatu nikaitupa nyundo ukutani. Bosi akaiokota, akanirudishia. Ameshanizoea.

Henri ametuma ujumbe kwenye grupu ya klabu yetu ya baiskeli: Jumapili tunatoka, inyeshe isinyeshe. Murara, barabara ya Sake, Lac Vert, halafu juu hadi kijiji cha Kamuhoza na kushuka kwa njia ya machukudu. Anataka tope. Anasema tope linatoka vizuri kwenye video. Huyu ni mtu ambaye baiskeli yake huoshwa na wengine.

Nimemwandikia kwamba Jumapili mchana wenye chukudu wanashusha viazi vya soko la Jumatatu, na njia ile ni nyembamba. Amenijibu: basi wewe utakuwa mukono. Na kidole gumba juu.

Benny amefurahi. Mdogo wangu ana miaka ishirini na tatu na anapenda matope kuliko chakula. Saa hii anaupaka mnyororo mafuta sebuleni, juu ya gazeti, Mama anamtazama tu. Mimi nimeambiwa lile lile la tangu utotoni: Charline, uangalie mwenzako.

Ameniuliza tena kanuni ya mkono. Nilimweleza hivi. Chukudu ni mbao tupu ya kubebea mizigo, usukani na magurudumu mawili ya mbao, haina pedali. Ikibeba magunia manne ya viazi kwenye mteremko haisimami. Breki yake ni ukanda wa tairi kuukuu juu ya gurudumu la nyuma, mtu anaukanyaga kwa mguu, na kwenye tope ukanda huo ni pambo. Pale juu kuna kona, karibu na nyumba ya mama mmoja anayeitwa Mukantwari. Anayeshuka haoni kilichoko chini ya kona, kwenye daraja la magogo. Kwa hiyo yeyote anayeziba daraja, wawe ng'ombe, liwe jeneza, wawe wajinga saba wa baiskeli, lazima amweke mtu mmoja juu ya kona, katikati ya njia, mkono wa kulia juu. Mwenye chukudu akimwona, anatupa mzigo wake kwenye ukingo wa kushoto, kwenye migomba iliyooza ambayo wameirundika wenyewe kwa kazi hiyo. Na mkono hauondoki. Ukiondoka umesema: pita. Watu wa kule wanalijua hilo kabla ya kujua kusoma.

Benny akauliza: na mukono akitaka kukojoa? Nikampiga kwa kandambili.

Jumapili, 9 Novemba

Niko nyumbani. Benny hayuko.

Nimemwambia Mama kwamba amelala Lac Vert kwa rafiki, kwa sababu ya mvua. Mama ametazama magoti yangu, damu na tope, akasema vua hizo nguo.

Siwezi kuandika leo.

Jumatatu, 10 Novemba

Nitaandika yote. Nisipoandika nitaanza kujidanganya, na najijua, nitafaulu.

Tulitoka saba baada ya misa ya kwanza. Mvua ilitupokea Mugunga na haikutuacha. Kutoka Lac Vert kupanda, njia ilikuwa mto. Lile tope jeusi la majivu ya volkano linashika tairi, linajaa kwenye uma wa mbele, gurudumu linakataa kuzunguka, unabeba begani kitu ambacho kingepaswa kukubeba wewe. Jean-Bosco, mwalimu wa hesabu, alianguka kwenye shamba la kabichi akainuka na jani mdomoni. Tulicheka hadi tukaishiwa pumzi. Nakumbuka kicheko hicho. Sijui nikiweke wapi sasa.

Kushuka, Henri alitangulia. Anapenda kutangulia. Kwenye daraja la magogo mnyororo wake ulikatika, derayere, ile ya kubadilishia gia, imejaa tope. Wote wakakwama nyuma yake juu ya magogo. Baiskeli ikapinduliwa magurudumu juu, Benny akapiga magoti kutengeneza, maana Henri hashiki mafuta. Simu yake Henri akaibana kwenye nguzo ya daraja ili iturekodi. Mimi nilimpa Jean-Bosco baiskeli yangu, nikabaki kwenye kona, hatua ishirini na tano juu yao, mkono juu.

Labda dakika kumi. Maji yaliingia kwenye mkono wa koti yakashuka hadi kwapani. Bega liliwaka. Halafu nikasikia mluzi juu, mrefu, wa chukudu. Akatokea kwenye mteremko, mbali bado, amejifunika gunia la njano. Aliniona. Najua aliniona kwa sababu aliinua kidevu.

Wakati huohuo nikasikia Henri anafoka chini, eti Benny anachelewesha. Niligeuza kichwa. Alikuwa ameshika pampu na alimpiga nayo Benny sikioni. Benny akajifunika kichwa kwa mikono yenye mafuta. Henri akainua tena.

Niliteremka. Ningependa kuandika kwamba nilifikiria kidogo, lakini hapana, sikufikiria. Nilikimbia hatua zote ishirini na tano na ngumi yangu ikafika kabla yangu. Mdomoni. Nikampiga tena. Nilihisi jino lake kwenye kifundo cha kidole na nilifurahi. Hilo pia naliandika.

Yule mtu aliniona nimesimama. Halafu akaniona naondoka. Kwake nilikuwa nimesema neno, na akaliamini.

Alipopita kona alikuwa na kasi yote ya mlima. Mbele yake magogo, watu saba, baiskeli saba, na Benny bado amepiga magoti. Njia iliyonyooka ingempitisha juu yetu. Aliukunja usukani kulia, kwenye mawe ya lava. Aliukunja kwa makusudi, kwa mikono miwili na kifua, nilimwona. Chukudu ikasimama wima. Magunia manne yakamwangukia. Sauti ile sitaiandika. Viazi vilibingirika hadi miguuni mwangu, vingine vikadondoka mtoni kimoja kimoja.

Mguu wake ulikuwa na goti la pili. Alikuwa anapumua kwa mluzi.

Watu walitoka mashambani haraka kuliko nilivyodhani kuna watu. Majembe, mawe, akina mama kwa wanaume. Mwenye chukudu ya pili, iliyofuata nyuma, alisikia kishindo, akaitupa kwenye migomba juu, akaja akikimbia, akapiga magoti, akayaondoa magunia peke yake. Ni kaka wa yule wa chini, Munyaneza. Wa chini anaitwa Niyonsenga. Majina nimeyajua kwa kuyasikia yakililiwa.

Munyaneza alisimama akauliza, polepole kabisa: "Mukono alikuwa nani?"

Mawe yalikuwa tayari mikononi.

Benny akasema: "Ni miye."

Hakunitazama. Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Jiwe la kwanza lilimpata kwenye nyusi. Halafu mpini wa jembe, halafu miguu, sikuona tena ni ya nani. Henri, na damu yake mdomoni, simu ameshaichomoa nguzoni, alinikamata kola akinivuta: panda, panda. Huko juu wawili wenye bunduki, wa wale wanaoshika mlima huo, walikuwa wanashuka, wakapiga risasi hewani, watu wakalala kwenye tope. Wakachagua baiskeli mbili walizozipenda, ya Jean-Bosco na ya Benny, wakawaambia wanakijiji wamalize mambo yao wenyewe. Hayo niliyaona kwa kugeuka. Cha mwisho nilichoona ni uso wa Benny kwenye tope na mguu wa mtu shingoni mwake.

Nikapanda baiskeli. Hadi Murara sikuanguka hata mara moja. Sijawahi kuendesha vizuri hivyo maishani.

Jumanne, 11 Novemba

Habari zimeshuka kwa simu ya Jean-Bosco. Niyonsenga yuko hai, wamembeba hadi zahanati, hajasema neno. Benny wamemfungia kwenye ghala la viazi. Hawataki kitu kingine. Wanataka mkono uhukumiwe, na mkono wanao, amekiri mwenyewe.

Klabu ilikutana atelier baada ya kazi. Saba tumekuwa sita. Kila mtu alitazama viatu vyake. Jean-Bosco alisema twende wote tukaombe msamaha, mwingine akasema twende na padri, mwingine akasema tusubiri mvua ikatike. Mvua ikatike! Novemba!

Henri alinivuta pembeni, mdomo umevimba hadi puani. Akanionyesha simu. Ile ya kwenye nguzo ilikuwa imerekodi yote. Juu kabisa kwenye pembe ya picha kuna kitu kidogo chenye mkono juu. Halafu hakuna kitu. Halafu gunia la njano. Kati ya mimi na yeye ni sekunde kumi.

Alisema kwa upole, na upole wa Henri unanichefua kuliko pampu yake: "Nitaifuta. Benny amekubali mwenyewe, sivyo? Batamupiga, batachoka, batamuacha. Weye batakuua."

Na mimi, kwa muda, nilikubali moyoni. Labda sekunde kumi. Niliona jinsi itakavyokuwa: Benny anarudi, anachechemea, anacheka, Mama hajui, na mimi namnunulia soksi mpya. Nikajichukia kiasi kwamba nilihitaji kumpiga mtu, na Henri alikuwa karibu.

Nilisema nipe hiyo simu. Akasema kwanza niseme asante. Nyundo ya kuchokolea soudure, gamba la chuma kilichochomelewa, ilikuwa mezani. Nilimpiga kwenye kiwiko cha mkono ulioshika simu. Alilia kwa sauti nyembamba. Sidhani kama umevunjika. Labda. Simu ninayo mimi, na namba yake ya siri klabu nzima tunaijua, ni mwaka wake wa kuzaliwa.

Jean-Bosco alisema: Charline, ule mukono wako!

Jumatano, 12 Novemba

Nimemwambia Mama.

Alikuwa anasonga bugali. Alinisikiliza hadi mwisho bila kuacha kusonga. Halafu akautoa mwiko, na bugali la moto likiwa bado limeshikamana nao, akanipiga mdomoni. Halafu mara ya pili, shingoni. Tangu Papa, baba yetu, afariki hajanipiga. Sikujikinga.

Akakaa. Akaniuliza kama huyo mwenye chukudu ana mama.

Nikasema sijui.

Akasema: "Uende uulize."

Bugali tumekula. Ndivyo ilivyokuwa, tumekula, sisi wawili, na sahani ya Benny imefunikwa mezani.

Alhamisi, 13 Novemba

Naandika nimelala kifudifudi. Kalamu inateleza.

Nilipanda peke yangu asubuhi, na mvua. Simu ya Henri nimeifunga kwenye sasheti mbili za plastiki, na daftari hili kwenye nyingine. Nilianguka mara nyingi. Kwenye daraja viazi vingine bado vilikuwa vimekwama kati ya magogo, vimeanza kulainika kwa maji. Ukingoni kuna alama ndefu ya mti kwenye mawe. Nilipita nikiisukuma baiskeli, nikitazama chini.

Munyaneza alikuwa uani anachonga gurudumu. Nilimwambia: Papa, mukono nilikuwa miye. Hakuacha kuchonga. Akasema:

"Dada anakuya kukomboa mudogo wake. Nilijua utakuya. Rudia kwenu."

Nikasema tena. Akasema mwanamke hawezi kuwekwa mkono siku ya magunia, hata wajinga wa mjini hawawezi kufanya hivyo. Kwa hiyo nilifungua simu.

Aliitazama mara tatu. Mara ya tatu alisogeza uso karibu hadi pua ikagusa kioo, kwa sababu ndugu yake anaonekana vizuri mwishoni, anaonekana anageuza usukani. Kisha akaniwekea simu mfukoni mwangu, taratibu, akaenda kufungua ghala na kuita watu.

Benny alitoka akiwa ameshika ukuta. Jicho moja limefungwa, vidole viwili vimevunjika, mguu wa kushoto hauwezi kukanyaga. Meno ya mbele hayapo. Nilitaka kumkumbatia. Alinitazama kwa jicho lililobaki, akaniita kama anavyomwita dada mkubwa: "Yaya, nilikuwa nimeisha kuvumilia yote. Sasa unaharibu nini?" Na akalia kwa hasira, si kwa maumivu.

Walinilaza kwenye tope la uani. Munyaneza alitumia ukanda wa tairi. Miguu, halafu mgongo, halafu miguu tena. Yeye hapigi kama mtu aliyekasirika, anapiga kama mtu anayepasua kuni, na hiyo ni mbaya zaidi. Nilisema sitapiga kelele. Nilipiga. Nilijikojolea. Watu walikuwa wamesimama, na kuku walikuwa wanapita.

Alipochoka aliuvuta mkono wangu wa kulia akauweka juu ya gogo analochongea. Mtu mmoja akakalia bega langu. Munyaneza akachukua mpini wa jembe. Nilisikia harufu ya mbao mbichi. Nilifikiria: huu ndio ninaochomelea nao. Sikufikiria kitu kingine kikubwa zaidi, samahani.

Ndipo yule mama wa kona akatoka ndani. Mukantwari ni mama yao wote wawili. Alikuwa anamenya viazi, kisu bado kimo mkononi.

"Acha ule mukono," akasema.

"Mama, ule njo ulivunja Niyonsenga."

"Njo maana. Ukiuvunja, atasimama na nini?"

Hakuna aliyeelewa, hata mimi. Alikuja akainama, akanishika kidevu kwa vidole vyenye udongo wa viazi. Akasema, bila hasira, na bila huruma pia, kwamba kila siku ya magunia machukudu yanashuka, na siku hizo zote kona hiyo inakosa mtu wa kukaa, wanaume wanasukumiana. Sasa kona imempata. Nitasimama pale mpaka mtoto wake asimame. "Na asiposimama, utazeekea pale."

Nikauliza kama Benny anaweza kwenda nyumbani. Akasema Benny hakuwa mukono, alikuwa mjinga tu. Aende.

Ijumaa, 14 Novemba

Ghala la viazi sasa ni langu. Benny bado yuko upande wa pili, anakoroma kupitia pua iliyovunjika. Kutembea hadi Lac Vert hawezi. Mama atakuja kesho kumchukua.

Siwezi kukaa wala kulala chali. Mukantwari aliniletea maharagwe. Akasimama mlangoni hadi nilipomaliza, akauliza kama mama yangu anajua niko wapi. Nikasema yeye ndiye aliyenituma nije kuuliza kama Niyonsenga ana mama. Alichukua sahani akaondoka. Baadaye akarudi na mafuta ya ng'ombe ya kupaka miguuni, akayaweka chini mlangoni.

Niyonsenga ana homa. Amefungua macho jana jioni akauliza habari za viazi.

Munyaneza amemaliza chukudu ya ndugu yake. Usukani mpya, gurudumu jipya la mbele, mbao nyeupe bado. Niliitazama kwa jicho la kazi, imetengenezwa vizuri. Halafu nikaona kwamba nyuma hakuna breki. Ukanda ule umetundikwa ukutani, na una damu yangu. Ndio huohuo.

Aliona natazama. Akasema kesho yeye ndiye wa kwanza kushuka, na magunia manne. "Sitapiga muluzi."

Nikauliza: na kama kuna watu kwenye daraja?

"Njo kazi yako."

Nikauliza: bila breki utaufikiaje ukingo?

Akasema nikisimama mahali pa mkono, ataona ukingo. Nikisogea, hataona ukingo wala kitu kingine, atapita tu. Nimehesabu hatua kichwani. Kutoka katikati ya njia hadi kwenye migomba ni hatua mbili. Kwenye tope, bila breki, mtu anaweza kuzikosa hatua mbili. Na akizikosa, cha kwanza anachokutana nacho ni mimi.

Ananichukia na anataka kuona. Namwelewa. Ningekuwa yeye ningefanya hivyohivyo, ningefanya vibaya zaidi. Nimejaribu mkono mara kumi hapa ghalani. Bega linashika. Maumivu ya miguuni ni ya ukanda. Mengine ni ya woga.

Jumamosi, 15 Novemba

Niko kwenye kona tangu kulipokucha. Mvua ndogo, ukungu. Daftari liko ndani ya sasheti, naliingiza na kulitoa. Miguu imekataa kusimama muda mrefu, kwa hiyo nimekaa kwenye jiwe katikati ya njia na nasimama nikisikia chochote. Nimesimama kwa mbuzi. Nimesimama kwa mtu wa maziwa, akanicheka.

Nafasi yangu inajulikana hata bila kuonyeshwa. Kuna mahali tope limekanyagwa likawa gumu, umbo la nyayo mbili. Wengine wamesimama hapa miaka na miaka. Mimi nilisimama dakika kumi.

Nikigeuza kichwa naliona daraja. Najizuia nisigeuze.

Mama amekuja. Jean-Bosco alimleta kwa pikipiki hadi Lac Vert, halafu Mama akapanda kwa miguu na mwavuli uliovunjika. Alipita hapa kwenda juu bila kusimama. Sijui walisema nini na Mukantwari. Walikaa ndani muda mrefu, akina mama wawili, na moshi ukitoka jikoni. Waliporudi, Benny alikuwa ameegemea bega la Mama, anaruka kwa mguu mmoja.

Mbele yangu walisimama. Nilikuwa nimesimama pia, mkono juu, kwa sababu Munyaneza yuko juu huko na hakuna anayejua saa yake. Mama alinifuta tope usoni kwa kitenge. Mkono hakuugusa. Aliuzunguka, kama mtu anavyozunguka sufuria la moto.

Benny alinitazama kwa jicho lake moja. Mdomo wake umevimba, maneno yanatoka yamepondeka. "Yaya. Na mukono akitaka kukojoa?"

Nikamwambia nenda. Sikutaka anione nikilia na mkono umeganda juu. Wakashuka.

Nimekaa tena. Najaribu kuandika taratibu ili moyo utulie.

Nimegeuza kichwa, mara moja tu. Wako kwenye magogo. Akina mama watatu wanapanda na kabichi kichwani, wamekutana nao katikati, hakuna anayeweza kurudi nyuma. Benny amekaa chini kwenye gogo. Mama anamvuta kwapa, anamwambia kitu. Hainuki. Daraja lote limeziba.

Sasa nasikia kitu juu. Kitu kizito kinagonga mawe, kinanyamaza kwenye tope, kinagonga tena. Mbao. Mluzi hakuna.

Naandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana herufi zinapinda hivi. Wa kulia umeshapanda. Gurudumu jeupe limetokea kwenye ukungu na magunia nyuma yake, na uso wake sijauona bado, na chini Benny anaita yaya, anaita tena, nami sigeuzi kichwa, mkono uko juu, sige